Usukani wa Kidole Kimoja

Injini niliizima mimi. Naanza na hilo kwa sababu mjomba mpaka leo anawaambia watu kwamba ilizima yenyewe, na mimi sipendi injini isiyo na kosa isingiziwe.

Tulikuwa tunashuka kutoka Newala kwenda Chiwata, kuposa. Mposaji ni mjomba, mdogo wake mama, na hiyo ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza wenye binti walimrudisha kistaarabu. Walisema kijana mzuri, ana kazi, ila hasira zake ziko karibu mno, na binti yao hawamtoi kwa mtu wa kufoka. Hawakumsingizia. Mjomba niliwahi kumkuta anagombana na jogoo, na jogoo ndiye aliyekuwa anasikiliza. Safari hii mama alikwenda kumsemea mwenyewe, na alishamwambia kwamba wakikataa tena, yeye Chiwata harudi. Atafute mke hukohuko Dar anakonunulia mashati.

Gari lilikuja na zile nyakati za ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa, ambapo kila mwenye jamaa bandarini ghafla alikuwa na redio, mtumba, au angalau kofia ya nchi asiyoijua. Mjomba yeye alipata gari la spoti, kuukuu, milango miwili, limelala chini kama linatafuta sindano iliyoanguka. Na usukani wake uko kushoto. Maana yake mimi niliyekaa mbele nilikuwa upande wa kulia, pale anapokaa dereva wa watu wa kawaida. Tulipopita sokoni Newala watoto wakaniamkia, "Shikamoo dereva," nami nikaitikia marahaba kwa sauti nzito, mikono yangu miwili ikiwa magotini. Wale watoto sijui walilala vipi usiku ule.

Mama alikaa nyuma na kapu la zawadi. Alisema kiti cha mbele kinamlaza mtu kama anasubiri sindano.

Njia nzima habari ilikuwa pawa, yaani usukani usiotaka nguvu. "Hii ni pawa, mpwa wangu," mjomba akasema, akawa anazungusha usukani kwa kidole kidogo, kile ambacho mimi hukitumia kwa mambo ya sikio. Mama akamuuliza kama vile tisa vingine viko likizo. Mjomba akaendelea kueleza jinsi gari lisilo na pawa linavyomzeesha mtu mabega.

Sasa mimi gari nililolijua vizuri lilikuwa moja tu, Landrova kongwe ya misheni, inayotupa lifti shule zikifunga. Dereva wake akifika kwenye mteremko anaweka nyutro, gari lisishikwe na gia, anazima injini, na tunashuka kimya kimya mpaka chini kabisa. Kwetu huko ndiko kuendesha. Dereva akijisahau, abiria wenyewe humkumbusha, "Zima, unachoma mafuta bure." Hata wasiojua kuendesha baiskeli wanakumbusha.

Tulipofika mteremkoni mjomba akaweka nyutro, vizuri, kama mtu aliyelelewa Newala. Lakini hakuzima. Nikamkumbusha mara moja. Bado yuko kwenye habari ya pawa. Nikamkumbusha tena. Na ufunguo, kwa sababu ya ule usukani wa kushoto, ulikuwa upande wangu, unaning'inia mbele ya pua yangu. Nikaurudisha nyuma kidogo.

Kukawa kimya. Upepo ukasikika, nikajiona nimesaidia. Halafu ikaja kona.

Kidole kidogo kikavuta, usukani ukakataa. Mjomba akaongeza vinne. Akaongeza mkono wa pili. Akaanza kutoa sauti za mtu anayeng'oa mhogo kiangazi. Breki nayo, alipoikanyaga, ikawa ngumu kama kukanyaga jiwe. Nyuma mama alikuwa anamwomba Mungu na kumsema mdogo wake kwa pumzi ileile. Gari likanyoosha, likaacha barabara, likaingia kwenye mchanga chini ya mikorosho na kuketi taratibu. Hakuna aliyeumia.

Mjomba akaniangalia. Akaangalia ufunguo. Mshipa wa shingo ukasimama, nikajua sasa ni zamu yangu ya kuwa jogoo. Mama akamgusa bega kwa nyuma, akasema tu, "Chiwata ni pale."

Akashuka, akafungua boneti, akanieleza. Kwamba pawa ya hili gari ni pampu, inazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini, inasukuma mafuta yanayomsaidia dereva. Injini ikilala, mafuta yanalala, na msaada wa breki nao unalala. Landrova haina pampu, pampu ni mabega ya dereva, kwa hiyo uizime usiizime haijali. Na hili likikosa pampu linakuwa zito kuliko hata Landrova, kwa sababu meno ya usukani wake yamepangwa kwa kutegemea msaada. Akasema Dar kuna spoti nyingine pampu yake inaendeshwa na umeme wa betri, hiyo hata injini ikifa usukani bado mwepesi. Nyingine injini iko nyuma, pua nyepesi, hazihitaji pawa yoyote. Nikauliza kwa nini hakununua hiyo. Mama akaniambia nikasukume.

Watu waliotoka shambani wakatusaidia, tukafika Chiwata tumechelewa, tumejaa mchanga mpaka kwenye nyusi. Baada ya shikamoo zote, mjomba wa binti, ambaye ndiye mwenye neno, akauliza kumetokea nini.

"Injini ilizima mteremkoni," mjomba wangu akasema.

Wenyeji wakaanza kutazamana. Mtu wa kuchelewa posa kwa ubovu wa gari si jambo zuri. Sijui nini kilinisukuma.

"Niliizima mimi," nikasema.

Mzee akanigeukia, kisha akamgeukia mjomba. "Huyu alizima gari mteremkoni, na wewe ndani?"

"Ndiyo, baba."

"Hukumpiga?"

"Mikono yote ilikuwa kwenye usukani."

"Na baadaye, mlipokwisha kusimama?"

Mjomba akafikiri. "Baadaye nilimweleza habari ya pampu."

Mzee akacheka mpaka akashika mbavu, na mke wake huko ndani, ambaye hatukujua kama anasikiliza, akacheka pia. Mzee akasema mtu anayeweza kumweleza huyu mtoto habari ya pampu siku ya posa, basi na binti yao atamweleza mambo bila kufoka. Wakapokea kapu.

Tulipotoka nje mjomba alitaka kunikumbatia. Mama akamsogeza pembeni, akafungua kanga yake ya juu, akaikung'uta mchanga, akanipa mkononi. Akasema, "Posa imepita, ujinga wako haujapita. Hii utaifua wewe, na maji utayafuata bondeni mwenyewe, mteremko mzima, kwa miguu."