Kufuli la Chiriku

Pale kwenye kiwanda cha mikate hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Alipoinama ndani ya pipa la mashine ya kukandia unga, akikwangua donge lililokauka kwenye mkono wa chuma, aliimba. Aliimba vibaya, hilo hata mumewe hakulipinga, lakini sauti ile ikitoka pipani kila mtu alijua Chiriku yumo, swichi isiguswe. Kinga nyingine haikuwepo.

Kisha mafua yakamshika, koo likakauka, sauti ikapotea. Akaenda kazini hivyo hivyo. Fundi wa mashine, mtu mpole aliyemheshimu kama dada yake wa tumbo moja, alipita, akasikia kimya, akadhani usafi umekwisha. Akabonyeza.

Akasikia yowe, akazima papo hapo. Lakini mkono wa chuma ulikuwa umeshakwenda na vidole viwili vya Chiriku, vya mkono wa kushoto.

Hospitalini mama mkwe wake alilia hadi wauguzi wakamletea kiti. "Mama, nyamaza," Chiriku akamwambia kwa sauti ya kukwaruza. "Nimebakiwa na vinane, na mdomo mzima."

Usidhani yeye hakulia. Alilia siku aliyoshindwa kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Alilichukua gauni, akavinyofoa vifungo vyote, akashona zipu. Kwa haraka zake akaishona juu chini. Chiriku alicheka huku machozi bado yanamtiririka, na baadaye kisa hicho akakisimulia kila aliyekutana naye.

Kilichomkosesha raha zaidi ni fundi wa mashine. Alikuwa ameacha kazi na kujifungia kwake, hataki kuona mtu. Mkono ulipopona, Chiriku akamfuata. Alimkuta amekaa kitandani, amegeukia ukuta.

"Dada, usinitazame."

"Nisikutazame, umekuwa bibi harusi?"

Mke wa fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni, kicheko kikamponyoka. Fundi akageuka, macho mekundu. "Nimekukata vidole, dada."

"Ulibonyeza, ndiyo. Lakini hebu niambie, kaka yangu, kiwanda gani kinamlinda mtu kwa wimbo? Na wimbo wenyewe ndio ule wangu!"

Fundi akataka kulia, akajikuta anacheka. Siku iliyofuata waliongozana hadi kwa msimamizi.

"Poleni sana," msimamizi akasema, akishusha pumzi. "Ndiyo hivyo, ajali haina kinga."

"Hii ilikuwa nayo," akajibu Chiriku. "Iko dukani, inaitwa kufuli."

Msimamizi aliutazama ule mkono, akainamisha kichwa, akakubali. Fundi alirudi kazini, akatengeneza sanduku la chuma la kufunika swichi kwa mikono yake mwenyewe. Sheria ikawa moja: anayeingia pipani analifunga kwa kufuli, ufunguo anauvaa shingoni, na hakuna mwingine wa kufungua.

Haikupita wiki, Chiriku akamaliza usafi, akanawa, akaondoka zake nyumbani na ufunguo kifuani. Unga uko tayari, oveni zinawaka, sanduku limefungwa. Mpakiaji mmoja akaleta nyundo ili walivunje. Fundi akasimama mbele ya swichi, mikono kaitanua.

"Litafunguliwa na aliyelifunga. Kaeni."

Wakakaa juu ya magunia ya unga, msimamizi naye akakosa la kufanya akakaa, suruali ikawa nyeupe nyuma. Walipoanza kupiga soga, wakasikia kengele ya baiskeli. Fundi cherehani alikuwa anakanyaga pedali kwa nguvu zake zote, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, na nyuma yake mkewe amekaa, anazungumza tangu kona ya barabara.

"Jamani nisameheni, nimeukumbuka wakati navua gauni!"

"Dada," fundi wa mashine akapaza sauti, mbavu hana, "na hiyo zipu umeipandisha au umeishusha?"

Mikate ya siku hiyo ilichelewa, na kiwanda kizima kilicheka.