Pilau Waliyoikataa Wageni

Ijumaa nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi ya michezo, nikigombania tiketi. Mwaka huu ni zamu ya Unguja kuandaa mashindano ya Afrika Mashariki, na timu zote zinalishwa nyuma ya ofisi hiyo, kila timu na chumba chake.

Akatokea kiongozi wa timu ya wageni, amekunja uso, akimfuata mpishi wetu.

"Bi, hii ni hujuma! Mechi saa kumi, saa saba mnatuletea pilau ya mbuzi. Vijana wangu watakimbiaje?"

Yule mama akaupangusa upawa kwa ncha ya kanga, taratibu.

"Mgeni hatoki kwangu na njaa, baba, hata akiwa anakwenda kutufunga. Na mie nshapakua."

"Basi tupe chai na mkate."

Wakapewa. Masinia manne yakabaki yanafuka moshi. Kuyarudisha jikoni vile vile ni aibu, basi yakapelekwa chumba cha pili, kwa vijana wetu. Yakarudi meupe.

Tukafungwa matatu bila. Tangu siku hiyo mji mzima unamlaani refa. Mie nilikaa nyuma ya goli letu. Bao la tatu lilipoingia, beki wetu alikuwa kajishika kiuno, anacheua.

Yule mgeni alisema kweli, hujuma ilikuwepo. Ilikosea chumba tu.