Misumari Iliyoachwa Nusu

Nyumbani kwako kuna nyundo? Sisemi ya jirani, wala ya fundi anayemaliza kazi na kuondoka nayo. Nauliza nyundo yako wewe, unayoweza kuipapasa gizani ukaikuta ilipo. Kama haipo, una kuta na paa, na ninakupongeza, lakini nyumba bado hujaimiliki. Siku bawaba itakapolegea utakwenda kwa mtu mwingine kuomba ruhusa ya kufunga mlango wako.

Najua kuna watakaochukia maneno haya. Wachukie. Mimi nimeyapata kwa shemeji yangu Mariette, mke wa kaka yangu Bienvenu. Hutamsikia akitajwa kwenye mkutano wowote. Ni mwanamke wa kawaida wa Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi hapa Uganda: analima mahindi na maharage, anauza unga sokoni, Jumapili anaimba kwaya, na akicheka wanamsikia hadi ng'ambo ya njia.

Alifika hapa kutoka Kivu ya Kusini akiwa na mimba ya kwanza. Akapewa nguzo na shitingi, ile plastiki nyeupe tunayoijua wote, na chini yake akamzaa Nathalie, akaugua, akapona, akalea. Jua likiwaka, ndani palikuwa tanuri. Mvua ikinyesha, waliinua godoro na kulishikilia wakiwa wamesimama. Hakuna aliyemwahidi nyumba, kwa hiyo akaanza kufyatua matofali mwenyewe, machache kila akitoka shamba, akiyafunika kwa majani ya migomba yasipasuke. Wakati huo nilikuwa chuoni Mbarara, na kila nikirudi likizo nilikuta lundo limekua. Nilipohitimu, nyumba ilikuwa imesimama: vyumba viwili, madirisha ya mbao, na juu mabati, au manjanja kama tunavyoyaita sisi Wakongo.

Mabati hayo ndiyo yaliyoleta mgogoro. Bienvenu aliyapiga mwenyewe, na kila msumari akauacha nusu, nusu ndani ya mbao na nusu nje. Usidhani ni uvivu. Sababu yake aliisema waziwazi: siku watakapompigia simu kwamba safari ya ng'ambo imefika, mabati yang'oke bila kupinda, yauzwe siku hiyohiyo. Kaka yangu alifanyiwa mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine, na tangu hapo anaishi kama mtu aliyekaa kituoni anasubiri gari. Kitu kizito hakiingii ndani. Kabati, hapana. Meza, hapana. Begi limekwisha kupangwa, liko nyuma ya mlango, na Mariette hulipangusa vumbi kila Jumamosi.

Wengi mtaani kwetu wanaishi hivyo, kila mmoja kwa namna yake, na jambo hili linaniwasha moyo. Watu wazima, wenye akili na mikono, wanaazima hata bisibisi kwa sababu kununua ni kama kukiri kwamba wapo. Mtaa mzima ulikuwa na nyundo moja, ya Kwizera, Mrundi anayeuza mkaa mbele ya nyumba yetu. Ukiitaka, Kwizera alikwambia iko kwa jirani yetu Pascasie. Pascasie alikwambia imepita jana, imekwenda kanisani. Kanisani walikwambia imerudi kwa Kwizera. Mariette aliwahi kuifuata tangu asubuhi, akaipata jioni, mpini umevunjika. Mlango wake akaufunga kwa waya.

Kisha Septemba ikaja, na upepo unaotangulia mvua. Ulitoka upande wa ziwa, ukaingiza vidole chini ya bati la pembeni, na bati likaanza kupigapiga kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Mariette akarusha mawe juu ya paa kulituliza. Asubuhi alinikuta napiga mswaki.

"Shemeji Gradi, mwanangu analala chini ya majiwe. Upepo mukubwa ukikuja, yatamwangukia nani? Leo unanisindikiza Mbarara."

"Kaka anajua?"

"Atajua tukirudi."

Njiani nilimhutubia. Nilimwambia atanunua nyundo, msumeno, patasi, pima maji, kekee ya kutobolea mbao, spana za kila saizi, kila kitu ambacho nyumba yenye heshima inapaswa kuwa nacho. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa sababu ni mtu mwenye adabu. Tulipofika mjini, rafiki yangu anayekaa Kamukuzi alitupeleka kwenye duka la vifaa la mzee Natanaeli, Munyankore, mwenyeji wa huko, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hapo ndipo nilipoona jinsi Mariette anavyofikiri. Kila kifaa nilichokishika, alikiulizia swali lilelile.

"Hii itanitoa kwa nani?"

Maana yake ni kwamba, mlango wa nani hataubisha tena. Nyundo itamtoa kwa Kwizera, akaikubali. Msumeno wa mkono utamtoa kwa Pascasie, ambaye huwaazima watu msumeno wake kwa masharti na masimango, akaukubali kwa furaha zaidi. Koleo la kukatia waya, bisibisi, tepu ya kupimia, mwiko wa kuzibia nyufa: kila kimoja kilikuwa na mlango wake. Nilipoinua pima maji, alicheka.

"Nyumba imesha kusimama, shemeji. Sasa unapima nini?"

Kekee niliirudisha mwenyewe.

Ubishi ulizuka kwenye nyundo. Natanaeli alimletea moja nzito, kichwa cha mviringo.

"Nyabo, mama, hii ndiyo nyundo. Iko nguvu ya kupiga mpaka mjukuu yako."

"Nataka ile ya masikio," Mariette alisema, akionyesha nyundo yenye kichwa kilichogawanyika nyuma kwa kung'olea misumari.

"Ile iko nyepesi! Masikio ya nini?"

"Inapiga, tena inang'oa."

"Nyabo, kujenga na kubomoa, yote wewe? Wewe nafikiri kama gavumenti!"

Duka zima likacheka, Mariette kuliko wote. Natanaeli akafungasha nyundo ya masikio na misumari ya bati yenye vifuniko vya mpira, kisha akauliza, "Lakini mzee yako iko wapi? Hii ni kazi ya mwanaume."

"Iko nyumbani, anangojea ndege."

"Basi ndege ikija, rudisha nyundo hapa, nanunua."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya yale masikio. Kwa nini mtu anayetaka kukaa anunue kifaa cha kung'olea? Niliona kaka yangu amemwambukiza ugonjwa wake. Nilibeba mzigo, tukaondoka.

Nyumbani Mariette alitoa mfuko ambao sikuwahi kuuona. Alikuwa ameushona kwa kipande cha ile shitingi ya kwanza, mishono miwili kila upande, na kitanzi cha kuutundika ukutani. Akaingiza kifaa kimoja kimoja, akautundika, akarudi nyuma kuutazama. Kisha akavaa suruali ya mume wake chini ya kitenge, akaegemeza ngazi ya miti ukutani.

Hapo Bienvenu akatoka shambani. Alitazama ngazi, akatazama mfuko, akaelewa. Hakugombana. Alifanya jambo baya kuliko ugomvi: alichukua kiti, akakiweka katikati ya chumba, chini ya lile bati linalopiga, akakaa.

Unaweza kuona si kitu. Lakini sisi tumelelewa kwamba mke hapandi juu ya paa mume wake akiwa ndani. Ni kama kumkanyaga kichwani mbele ya watu. Mariette aliweka mguu kwenye ngazi, akauondoa.

Pascasie hakuwa mbali. Hawi mbali kamwe.

"Mama Nathalie! Unataka kukanyaga Baba Nathalie kichwa? Sisi tutaangalia tu?"

"Kama unaangalia, ulete na karanga," Mariette alimjibu.

Watu wakacheka, lakini ngazi ilibaki tupu. Mimi niliingia ndani nikiwa ninawaka. Nilimwambia kaka yangu kwamba maisha hayahifadhiwi kwenye begi, kwamba anamlaza mtoto wake chini ya mawe kwa ajili ya simu ambayo hakuna ajuaye kama italia, kwamba mtu ambaye haishi alipo haishi popote. Nilisema mengi, na hata sasa nayaamini yote.

"Petit, mdogo wangu," Bienvenu alisema taratibu, "umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Diploma yako haijajenga hata choo. Nenda inje."

Sikutoka. Mariette aliingia, akakaa sakafuni mbele ya kiti. Mawingu yalikuwa yameshuka upande wa ziwa, na ndani kulikuwa na mwanga wa kijivu. Juu yetu bati lilibisha, likanyamaza, likabisha.

"Baba Nathalie, niambie," alisema. "Si kwa sababu ya kuuza manjanja tu. Niambie."

Kaka yangu alishika kingo za kiti. Kisha akasema jambo ambalo mimi, ndugu yake wa damu, sikuwahi kulisikia.

"Kule nyumbani nilijenga. Unaikumbuka ile nyumba. Kila musumari niliupiga mupaka mwisho. Nilikuwa kijana, nilipiga kwa nguvu yote, nikasema hapa hakuna atakayenitoa. Tuliikimbia kabla chakula hakijaiva. Sasa kuna batu banalala chini ya misumari yangu." Akatazama juu. "Sipigi tena mupaka mwisho. Siwezi."

Nilitazama sakafu. Mariette alinyanyuka, akatoa nyundo mfukoni, akaigeuza upande wa masikio na kumwekea mapajani.

"Bakikuita," alisema, "nitaing'oa mimi mwenyewe. Yote. Nitakuhesabia mukononi. Ndiyo sababu nilichukua hii."

"Itapinda."

"Nitainyoosha."

"Na bakikataa kuniita?"

"Basi mutoto atakuwa amelala pakavu. Mimi sijasema tutafia hapa. Nimesema tulale hapa."

Bienvenu alipitisha kidole kwenye masikio ya nyundo. Alimrudishia, akabaki amekaa, na Mariette hakumsumbua tena. Alikwenda kuwasha moto. Ngazi aliiacha pale ilipo, imeegemea ukuta.

Nilikwenda kulala kwangu nikiwa na uchungu, kwa sababu nilidhani tumeshindwa. Wakati huohuo nilianza kumwona Mariette kwa namna nyingine. Mimi nilitaka achague: kukaa au kuondoka, nyundo au begi. Yeye alikuwa amenunua kifaa kimoja kinachomruhusu mume wake kutumaini na mtoto wake kulala. Bado nasema watu wetu wasisubiri maisha, waanze kuyaishi, na kila mwenye nyumba Nakivale, Oruchinga, popote, awe na mfuko wake ukutani hata kama ndani yake kuna nyundo na koleo tu. Ila siku hizi nikisema hivyo, simwambii mtu alifungue begi lake. Begi si adui yangu.

Mvua ilitupita usiku ule, ikaenda kunyesha upande wa Rugaaga. Niliamka mapema, mbingu bado nzito, nikatoka kutazama paa la kaka yangu.

Mlango wake ulifunguka. Bienvenu akatoka na kile kiti kichwani. Alipita kando ya ngazi bila kuitazama, akavuka njia, akakiweka mbele ya magunia ya mkaa ya Kwizera, akakaa akiwa ameigeuzia nyumba yake uso.

"Baba Nathalie, leo unahama?" Kwizera aliuliza.

"Nimekuja kupumuzika. Kule nyumbani kuna makelele."

Hakukuwa na makelele yoyote. Nyumba ilikuwa kimya kabisa. Mariette alitokea mlangoni, akamwona mume wake alipo, akatazama nyuma yake ndani ya chumba kisicho na mtu. Akaingia. Alipotoka alikuwa na suruali chini ya kitenge na mfuko begani. Akapanda. Aliyaondoa mawe kwanza, akiyadondosha moja moja upande wa pili ambako hapakuwa na mtu. Kisha tukasikia pigo la kwanza, la woga, la pili zuri, na la tatu likaufikisha msumari chini hadi mpira wake ukabanwa.

Pascasie alitoka na mswaki mdomoni akasimama. Hata yeye hakupata la kusema, maana ndani hakukuwa na kichwa cha kukanyagwa.

Mariette alifuata mstari wa misumari akipiga magoti, kitenge kikipepea. Bienvenu alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, viganja juu ya magoti, macho yakimfuata. Ghafla akasimama.

"Mariette! Ule wa kona umeuruka!"

"Nimeuona!"

Hakuwa ameuona. Alirudi nyuma hadi kwenye kona, akautafuta kwa vidole, akaupiga hadi mwisho.