Vuta Pumzi, Nakuunganisha

Aliyeniandikisha ni mdogo wangu aliyekuwa akisoma ng'ambo. Nilikuwa nimemwandikia kwamba moyo unanidunda hata nikiwa nimekaa tu, kichwa kinaniuma kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na hospitali wamenipima malaria mara tatu wasiione. Akajibu kwamba ugonjwa wangu ni mawazo, na huko aliko watu wanautibu kwa masomo ya utulivu yanayotumwa kwa kompyuta, somo moja kila wiki, kwa wiki nane. Nilicheka peke yangu. Kwetu Bukoba mtu mwenye mawazo alipewa jembe.

Kompyuta sikuwa nayo, na kazini tulikuwa bado na mashine za chapa. Lakini upande wa Mirongo lilikuwapo duka la fotokopi ambalo mwenyewe alikuwa ameingiza intaneti, na duka zima lilikuwa na anwani moja ya imeli. Barua ya mtu ikiingia, mwenye duka aliichapisha, akaikunja, akaandika jina juu kwa kalamu. Kabla ya kuikunja aliisoma. Nikifika Jumamosi, hata salamu haijaisha, ananiambia, "Dada, wiki hii unatakiwa usikilize miguu yako." Watu waliopanga foleni ya fotokopi wote wakaitazama miguu yangu.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa katibu muhtasi wa meneja utawala kwenye kiwanda kimoja cha mafuta ya pamba huko Nyakato. Kiwanda kilikuwa cha serikali na sasa kilikuwa kinatafutiwa mwekezaji, na sote tulijua kwamba mwekezaji hununua mitambo, hanunui watu. Mawazo yangu yalitoka hapo.

Rafiki yangu mle ndani alikuwa opereta wa simu, Mjita wa Mara, mama wa watoto watatu, ambaye mumewe alikwenda kuchimba dhahabu Geita akakawia huko miaka sita. Alikaa nyuma ya ukuta wa mbao na ubao wake wa waya, kila simu ya kiwanda ikipita mikononi mwake. Nilipomwonyesha somo la kwanza alicheka hadi akavua vile vitu vya masikioni.

"Nyie Wahaya! Hata kupumua mnasoma kwa Kiingereza?"

Somo la pili lilitaka nile zabibu kavu moja kwa dakika tano, niitazame, niinuse, niisikilize. Zabibu sikuwa nayo. Nilikuwa na kopo la senene, wale panzi wetu wa kukaanga, ambalo mama alinitumia kwa meli. Saa ya chakula tulijifungia stoo ya mafaili, kila mtu na senene wake mmoja juu ya ulimi. Mwenzangu alistahimili nusu dakika. "Mimi wangu nimeshamsahau," alisema, "hebu nipe mwingine." Tukamaliza kopo zima. Kuanzia siku ile, kila akiniletea simu, alitanguliza maneno yaleyale: "Vuta pumzi, Mhaya. Nakuunganisha." Nilikuwa nampenda sana mwanamke yule, na sikuwahi kumwambia.

Somo la nne lilisema usihukumu, tazama tu. Wiki hiyohiyo meneja aliniita, akafunga mlango, akanipa orodha ya majina iliyoandikwa kwa mkono. "Mama, haya ni ya chumba hiki," alisema. Nikasaini fomu ya kutunza siri. Nilitakiwa kuwachapia barua za kupunguzwa kazi. Maneno yalikuwa yaleyale kwa wote, kilichobadilika ni jina na idara, lakini meneja hakutaka zidurufiwe. Alitaka kila mtu achapiwe barua yake, akiona hiyo ndiyo heshima iliyobaki.

Jina la rafiki yangu lilikuwa ukurasa wa pili. Moyo ulianza kunidunda hadi kwenye meno. Nikafanya nilivyofundishwa. Niliweka mikono juu ya mapaja, nikasikia nyayo zangu sakafuni, nikavuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, nikajiambia kwamba hapa pana hofu, na hofu inapita. Ikapita kweli. Barua yake niliichapa bila kosa hata moja, nikaiweka juu ya nyingine, nikaenda kunywa chai.

Barua zilifungiwa kwenye kabati nyuma ya kiti changu kungoja idhini kutoka Dar es Salaam. Ufunguo nilikaa nao mimi.

Jumanne iliyofuata mwenzangu alikuja mezani kwangu, akavuta kiti karibu. Kiwanda kimoja cha minofu ya samaki kilikuwa kinatafuta opereta, na walimtaka yeye. Walitaka jibu kabla ya Ijumaa jioni.

"Kule mkataba ni wa miezi sita sita," alisema, "na nyumba hawatoi. Hapa nina miaka kumi na minne, na watoto wana pa kulala. Lakini nasikia maneno. Wewe unakaa mlangoni kwa mkubwa. Sikuulizi siri. Niambie tu, nikae au niende?"

Neno moja lingetosha. Hata kutazama kabati kungetosha, kwa sababu alikuwa ananisoma macho. Nikavuta pumzi.

"Mimi sijui chochote, dada. Fuata moyo wako unavyokutuma."

Alinitazama kidogo, akatabasamu. "Umekuwa mtulivu siku hizi. Kumbe hayo masomo yako yanafanya kazi."

Nikisema nilinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa, nitakuwa najipendelea. Mwoga ningemsamehe. Siku ile sikuwa na hofu yoyote, wala huruma, wala aibu. Nilikuwa nimejifunza kutazama tu, nikamtazama anavyojipoteza. Ijumaa nilikuwa nimesimama karibu na ubao wake alipowapigia simu watu wa samaki, akawashukuru, akawaambia atabaki alipo.

Idhini ilikuja baada ya wiki mbili nyingine. Watu waliitwa idara kwa idara, wakasaini kwenye daftari, wakatoka na bahasha. Kelele hazikuwa nyingi kama nilivyotarajia. Mzee mmoja wa bohari alisoma yake, akauliza kama anaweza kumaliza kupanga magunia. Mwenzangu alichukua yake, akaja nayo moja kwa moja ofisini kwangu, akaitandaza juu ya mashine yangu ya chapa.

Chuo cha uhazili walitufundisha kwamba barua haijakamilika bila herufi za kwanza za majina chini kushoto: za anayesaini kwa herufi kubwa, kisha mkwaju, kisha za aliyechapa kwa herufi ndogo. Ni alama ya kazi, kama fundi cherehani anavyoweka kilebo chake. Meneja hakuniambia niziweke, wala hakuniambia nisiziweke. Vidole vyangu viliziweka vyenyewe kwenye kila barua. Na juu ilibaki tarehe ya siku niliyochapa, maana hakuna aliyekumbuka kuibadilisha.

Aliweka kidole kwenye tarehe. Kisha akakiteremsha taratibu hadi chini kushoto, akakiacha pale.

"Nilipokuuliza, ilikuwa tayari."

"Ndiyo."

"Ilikuwa humo kabatini."

"Ndiyo."

Akangoja. Nadhani alikuwa ananingoja nilie, na kama ningelia, labda angekaa, tukalia wote. Nilitaka kulia. Nililitafuta chozi kama mtu anayepapasa mfuko akitafuta ufunguo, na halikuwamo. "Pole," nikasema. Akaikunja barua kwa mikunjo yake ileile, akaondoka.

Jumamosi nilikwenda kuchukua somo la nane. "Dada, la mwisho hilo," mwenye duka alisema. "Unatakiwa ufikirie rafiki yako mmoja, umtakie mema kimoyomoyo. Rahisi hiyo." Nikamshukuru.

Mwenzangu alikuwa na notisi ya mwezi mmoja, na aliifanyia kazi yote bila kukosa siku. Asubuhi ya kwanza simu yangu ililia. "Simu yako, mama," alisema. Mama ndivyo alivyomwita mke wa meneja. Akaniita hivyo mwezi mzima, kwa sauti safi kabisa, na kila mara nilishika mkono wa simu nikingoja yale maneno yangu, na kila mara nikamsikia mtu wa Shinyanga akiulizia mashudu.

Siku yake ya mwisho, kabla ya saa kumi, nilinyanyua simu mwenyewe.

"Namba?" akauliza.

"Ni mimi."

"Najua. Unataka namba gani?"

Hakukuwa na namba. Moyo ulianza kunidunda kama zamani, na safari hii sikuhesabu. Nilijua anaisikia pumzi yangu kwenye waya, inavyokwenda mbio. Alingoja, kama opereta anavyotakiwa kungoja, kisha akachomoa waya.