Siku Aliyoonekana Mzima

Glenys Pascoe alikuwa mpishi wa nyumba ya wazee mjini Burnie kwa miaka kumi na saba, na pai yake ya kondoo haikuwahi kurudi jikoni ikiwa na kitu sahanini. Ugonjwa wa akili alikuwa nao tangu ujana, akiupiga chenga. Kuna majuma ulimpandisha, akapika bila kulala na kugawa pai mtaa mzima. Halafu ukamwangusha, akalala miezi, hata kunawa uso kukawa kazi ya kujiuliza mara mbili. Mara ya mwisho aliacha majiko yote ya wazee yakiwaka akateremka ufukweni, maana aliamini ana jambo la kuiambia bahari. Hakuungua mtu. Kazi ikaisha, na yeye hakubisha.

Daktari wake ndiye aliyemwambia aombe posho ya ulemavu. Fomu zilikuwa nene kama kitabu. Swali moja liliuliza ulemavu wake ulianza lini. Akakaa nalo siku nne. Alianza kujaza majani yakipukutika, akamaliza kukiwa na theluji mlimani.

Siku ya kupimwa ikamkuta ugonjwa umeanza kumpandisha. Alivaa koti jekundu, akapaka rangi ya midomo. Mpimaji alikuwa kijana mpole aitwaye Jarrod.

"Unaweza kujivalia mwenyewe, Bi Pascoe?"

"Kwani unaona nimevalishwa na nani?"

Jarrod akacheka, akaandika. Glenys alifurahi kumchekesha mtu. Akamsimulia vituko vya wale wazee, akamuulizia hali ya mama yake.

Barua ilipokuja alikuwa tayari ameanguka, kitandani, amefunika kichwa. Ilisema mwombaji ni nadhifu, mchangamfu, anajieleza vizuri. Alama za ulemavu alizopata ni kumi, zinatakiwa ishirini. Akaigeuza barua juu chini, akalala.

Mdogo wake, Trevor, dereva wa lori la magogo, ndiye aliyeikuta sakafuni alipoleta maziwa.

"Mchangamfu! Hawa walikuona siku ya sikukuu, dada."

"Niache, Trev. Sina nguvu ya kuanza upya."

"Nani kasema wewe ndiye utaanza? Lala. Naandika mimi."

Akaandika rufaa kwa mwandiko wake wa kitoto, akatafuta barua za daktari, akapiga simu na kungojeshwa na muziki uleule mpaka akawa anauimba barabarani. Ilichukua miezi minane.

Asubuhi ya kusikilizwa alimkuta dada yake ameketi ukingoni mwa kitanda, kitana mkononi.

"Usijipambe leo," alisema.

"Ili nionekane kichaa?"

"Uonekane ulivyo."

Glenys akaweka kitana chini. Hilo lilimuuma kuliko barua.

Aliyesikiliza rufaa alikuwa mama wa makamo, miwani imemning'inia kifuani. Alimuuliza Glenys polepole, na Glenys akajibu polepole zaidi, neno moja, mawili, macho mezani. Kisha yule mama akamgeukia Trevor.

"Hamkai nyumba moja. Unajuaje hali yake ya kila siku?"

Trevor aliizungusha kofia yake magotini. "Kila asubuhi kabla ya kazi napita nyuma ya nyumba yake, nachungulia dirishani. Nikiona blanketi linapanda na kushuka, naenda zangu."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu."

Glenys alijua nyasi chini ya lile dirisha zimelala. Siku zote alidhani ni kangaruu wadogo wanaotoka porini kula maua. Hakuweza kumtazama ndugu yake. Akatazama viatu vyake vyenye maganda ya miti.

Walikuwa njiani kurudi, wamepita bandari, Glenys alipouliza.

"Je, siku moja ungekuta blanketi halipandi?"

"Ningechelewa kazini."

Glenys akacheka, kicheko kibovu kilichomgeukia kilio, na Trevor akaendelea kuendesha.

Wiki tatu baadaye wakakubaliwa. Trevor alikuja na samaki na chipsi kwenye karatasi, akaisoma barua kwa sauti akiwa amesimama, kama anayesoma matokeo ya mpira.

"Umeshinda, dada!"

"Nipe niione."

Aliisoma mwenyewe mara mbili. "Wameandika siwezi kazi."

"Si ndicho tulichokuwa tunaomba?"

"Ndicho." Akaikunja barua. "Nililisha watu sitini, Trev. Mara tatu kwa siku."

"Najua."

"Basi ujue tu."

Trevor akamsogezea samaki. Glenys alikula chipsi nne, ya tano akaiacha, akasema amechoka, akaenda kulala huku jua bado likiwa juu. Trevor alikunja karatasi, akaosha vikombe viwili, na kabla ya kuondoka akaiweka ile barua juu ya friji, mahali isipolowa.