Aliyekohoa Nyuma ya Kioko

Kuna Ijumaa moja ya Riyadh ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na ilinirudia jana uliponiuliza, "Mzee, mwaka umeisha. Nchi yetu unaionaje?" Niliinuka nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika, nilikosa pa kuanzia. Sasa umeenda kuwapeleka watoto wa bosi wako shuleni, chumba hiki tulichopanga pamoja mtaa wa Kandara, hapa Jeddah, kimenyamaza, na mimi nakuandikia. Utasoma ukirudi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, dereva wa nyumba moja kule Riyadh. Kazi yangu kubwa ilikuwa kungoja: nje ya shule, nje ya maduka, nje ya nyumba ya dada yake madam. Nilikuwa na redio ndogo ya betri, na saa hizo zote nilizimaliza nikitafuta habari za Kenya. Nilijua mawaziri wote kwa majina, na nani kanuniana na nani. Wakenya wenzangu walinisifu, na sifa nilizipenda, siwezi kukuficha.

Ijumaa alasiri tulikuwa huru kwa saa chache, tukikutana mtaa wa Batha, kwenye chumba cha Mzee Mutiso. Alikuwa mlinzi wa jengo, mtu wa Machakos, mkubwa kwetu sote na mchache wa maneno. Tulisonga ugali, tukala, kisha ikafuata simu. Siku hizo kupiga nyumbani kulikuwa ghali, kwa hiyo tulinunua kadi moja tu na kuipokezana kwa zamu, kila Ijumaa na mtu wake. Simu iliwekwa sauti ya juu ili wote tusikie nyumbani. Hata kama mama hakuwa wako, ulisikia jogoo wake akiwika uani. Baadaye wenzangu wakaanza kuniachia zamu zao, maana simu zangu ndizo zilikuwa na habari.

Ijumaa ya mwisho ya mwaka ule niliachiwa kadi nzima. Nikampigia ndugu yangu Kioko, nikamwambia atufungie mwaka wa nchi. Tukaanza na bei ya mahindi, tukaenda kwa barabara iliyoahidiwa, tukaingia bungeni na hatukutoka. Nilimbishia, akanibishia, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Simu ikakatika nikiwa katikati ya neno. Nilipigiwa makofi.

Mzee Mutiso hakupiga makofi. Aliniuliza, "Yule anayekohoa nyuma ya Kioko ni nani?"

"Kukohoa? Mimi sijasikia mtu akikohoa, Mzee."

"Hii ni Ijumaa ya nne namsikia. Leo amesogea karibu na simu mara mbili. Kijana, yule anangoja apewe aongee."

Chumba kizima kilinitazama. Mwanangu, duka la kadi lilikuwa hapo chini, na lilikuwa wazi. Ningeshuka ngazi, nikwangue kadi nyingine, nimwambie Kioko nipe mama, maana waliishi nyumba moja. Lakini nilikuwa nimeaibishwa mbele ya watu walionipigia makofi. Nikamjibu Mzee, "Kila mtu na simu yake," nikachukua kofia yangu nikaondoka. Wiki nzima niliendesha gari nikiwa nimevimba, nikijiambia mzee yule ananionea wivu.

Ijumaa iliyofuata sikwenda Batha. Nilinunua kadi yangu mwenyewe, nikapiga nikiwa peke yangu garini. Safari hii nilitega sikio kwanza, na hakuna aliyekohoa. Nilifurahi. Nikadhani amepona.

"Mama tulimpeleka hospitali Jumanne," Kioko akasema. "Ni mapafu."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Kila nikitaka kusema, wewe umeshafika bungeni."

Baada ya siku tisa alifariki. Kafili, yaani tajiri aliyenidhamini kazi, alinipa ruhusa ya kusafiri, lakini karatasi zilitoka wakati mama ameshazikwa. Sauti ya mwisho ya mama yangu ni kikohozi, na hata hicho nilisimuliwa na mtu mwingine. Nilirudi kwa Mzee Mutiso kumwomba msamaha. Alinisogezea sahani ya ugali, na hatukulizungumza tena.

Sasa uliniuliza juu ya mwaka huu. Nimeufuata wote kwenye simu kama wewe. Nimeona unga ukipanda bei, nimeona mafuriko yakibeba daraja nililovukia kwenda shule. Nimeona vijana wa rika lako wameingia barabarani na bendera, nikawaonea fahari na nikawaogopea kwa wakati mmoja. Nimeona wenye shahada wakija hapa Jeddah kulinda milango na kuendesha magari ya watu, na wewe ni mmoja wao. Nchi ile inaniuma. Nimeishi mbali nayo zaidi ya nusu ya maisha yangu, na bado ikiguswa nashtuka mimi.

Na Kioko? Tunapigiana hadi leo. Bado tunaongea serikali. Tulizeeka bila kujifunza kitu kingine cha kuambiana, na huo ndio upweke wangu mkubwa, kuliko hiki chumba.

Ila mwezi uliopita, tukiwa tunabishana juu ya kodi, nilisikia kitu nyuma yake. Ngo, ngo, ngo, juu ya sakafu ya saruji. Nikatega sikio. Kioko akaendelea na kodi yake.

"Kioko, nani anatembea na fimbo hapo?"

Kodi ikaishia hapo. Kisha akasema, "Ni Muthama."

Muthama ni mwanawe, mtoto wa miaka ishirini na mbili. Alikuwa barabarani siku ile ya maandamano niliyokuwa nikiyatazama hapa kwenye simu, nikipiga meza kwa furaha, wewe ukinichekea. Watu walipokimbia alianguka akakanyagwa, mguu ukavunjika mahali pawili. Miezi mitatu. Miezi mitatu nimeongea na baba yake karibu kila siku.

"Mpe simu," nikasema.

"Anko," Muthama akaniambia, "leo umekumbuka niko? Mimi nilijua wewe huulizia tu serikali."

Nililia, mwanangu. Ndiyo maana jana, uliponiuliza juu ya nchi, sufuria safi ilioshwa.

Nasaha yangu ni hii. Usiache kuipenda nchi yako, wala usiache kuisema inapokosea. Lakini ukipiga simu, usianze na bunge. Uliza mama amekula nini, uliza nani hajalala nyumbani. Halafu nyamaza, usikilize kilicho nyuma ya anayeongea. Siku hizi simu haina kadi ya kwisha, hivyo huna kisingizio nilichokuwa nacho mimi. Najua juzi mama yako alipiga ukiwa kwenye mjadala wa kundi lenu, ukasema utampigia baadaye. Hujampigia. Mimi nahesabu.

Mungu akulinde kwenye barabara hizi za watu, akurudishe kwenu ungali na nguvu. Akupe masikio mapema kuliko alivyonipa mimi. Na kila utakapopiga nyumbani, yule anayengoja nyuma umkute bado yupo. Amina.

Chai iko kwenye chupa. Mpigie kwanza, ndipo unywe.