Mikono Arobaini na Minne ya Kushoto

Dada yangu alikuwa amejisalimisha kwa Mungu. Najua, kwa sababu alinitangazia kila asubuhi kabla chai haijapoa. "Mdogo wangu, mimi nimemwachia Mungu yote," alikuwa akisema, mkasi mkononi, na ole wako uuguse mkasi wenyewe.

Mtaani walimwita Bi Mkasi. Kwa miaka thelathini na moja alikata nguo kwenye meza kubwa ya chumba cha mbele, nami nikaziunga kwa cherehani, kisha nikahamia kwenye kigoda kutia vifungo na kupiga pindo. Yeye akili, mimi vidole. Sikuwahi kulalamika. Yaani nililalamika kila siku, ila kwa upole.

Macho yalipoanza kumsumbua, tulianzia kwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisani, ambaye ni bingwa wa kila ugonjwa isipokuwa ule ulio mbele yake. Akasema ni jaribu, litapita. Lilipokataa kupita tukaenda kwa daktari wa macho. Huyo akasema ni presha ya macho, jicho la kushoto limeshakwenda, la kulia liko njiani, na dawa ya matone itachelewesha tu. "Mama, kazi ya mkasi uiache sasa," akamwambia. Dada akamshukuru sana. Akarudi nyumbani akakata sketi sita.

Akina mama walikuja Jumatano kumwombea. Wakashangaa imani yake, wakasema wangetamani kuwa nayo hata robo. Wakamshika mabega, wakalia kidogo, na kila mmoja akaondoka ameacha kitambaa cha kukatwa.

Na mimi, msema kweli mkuu, nilifanya nini? Nilinyamaza. Dada akienda jikoni, nilichukua mkasi wangu mdogo nikanyoosha alipopinda. Kola ikizidi, nilipunguza. Bega likipelea, niliunga kipande. Nilijiambia ni huruma. Ilikuwa woga mtupu. Huyu ndiye aliyenilea tangu nina miaka saba, na mimi nimwambie kwamba haoni? Heri nimeze mkasi.

Ndipo kwaya ikataka majoho ishirini na mawili kwa ajili ya uzinduzi wa kanisa. Kitambaa kilikuwa satini ya zambarau, upande mmoja unang'aa, mwingine umefifia. Fundi yeyote hukikunja kitambaa cha namna hiyo nyuso zitazamane, ili ukikata mara moja upate mkono wa kulia na wa kushoto. Dada alipanga tabaka zote upande unaong'aa ukitazama juu. Jicho halikumwambia, naye hakutaka kupapasa, maana anayepapasa ni kipofu, na yeye alikuwa amejisalimisha.

Ijumaa asubuhi nikaketi kwenye cherehani. Nikatoa mkono wa kwanza, wa kushoto. Wa pili, wa kushoto. Nilipofika wa kumi nikaacha kuhesabu, nikaupekua mzigo wote. Mikono arobaini na minne, kwaya nzima ya watu wasio na upande wa kulia.

"Dada," nikasema, "hawa wanakwaya wetu wana mikono mingapi?"

"Miwili, kama wewe."

"Na yote ni ya kushoto?"

Alikuja polepole. Akaushika mkono mmoja, akapitisha kidole gumba huku, akapitisha kule. Safari hii sikuwa na la kupunguza wala la kuunga. Kitambaa kilikuwa kimekwisha.

"Ni yote?"

"Yote."

Akakaa kwenye kigoda changu. "Zile sketi ulinyoosha ngapi?"

"Sketi zipi?"

"Usiniletee zipi. Macho ndiyo mabovu, masikio yangu ni mazima. Nikiwa jikoni nasikia mkasi wako unachakarika kama panya."

"Sasa kama ulijua, mbona hukuacha?"

"Na wewe kama ulijua, mbona hukuniambia?"

Tulikuwa watakatifu wawili katika chumba kimoja.

"Mungu nilimpa vyote," akasema, sauti imeshuka. "Nyumba, macho, hata kifo changu. Hivyo ni rahisi, angevichukua hata nisipompa. Alichoniomba ni huu mkasi. Akaniomba kupitia daktari, akaniomba kupitia wewe na panya wako. Mimi nikamwimbia nyimbo."

Akauweka mapajani mwangu.

"Naogopa, mdogo wangu."

"Hata mimi," nikasema. Lilikuwa jambo la kwanza la kweli nililomwambia mwaka ule.

Mikono ishirini na miwili tuliigeuza ndani nje. Jumapili kwaya ikasimama, mkono wa kushoto unang'aa, wa kulia umefifia kama umefuliwa mara mia. Mwenyekiti, ambaye hajawahi kukosa maelezo, akatangaza kwamba ni fumbo la kiroho, na watu wakaitikia amina. Dada akasimama katikati ya amina hiyo.

"Si fumbo," akasema. "Nilikosea kukata kwa sababu sioni. Niliambiwa niache, nikakaidi."

Akakaa. Mwenyekiti alianza kujipepea kwa ratiba ya ibada.

Sasa mezani nasimama mimi. Nakata vibaya, lakini vibaya vinavyoonekana, na vinasahihishika. Dada anakaa kwenye kigoda akitia vifungo, ile kazi aliyokuwa akiniambia hata mtoto anaiweza. Cha kwanza kilimchukua asubuhi nzima, na alikitia mahali pasipo na tundu. Nikakikata, akaanza upya. Hatangazi tena kwamba amejisalimisha. Nilikuwa nimemwekea akiba ya kejeli ya miaka mitano kwa siku kama hizo, na nikiitafuta siioni.

Mwezi uliopita jicho la kulia nalo lilizima. Asubuhi ile nilichelewa makusudi kutoka chumbani, sikujua nimkabili vipi. Nikamkuta ameshafika mahali pake, chai yake ameimaliza, ameshika kibunda cha uzi.

"Huu wa rangi gani?" akauliza.

Nikamwambia mweusi. Nikamtungia sindano, nikamwekea mkononi, naye akaanza kushona.